Sifa za Koridoni

Tulitoka kikaoni saa kumi na moja kasoro robo. Yule kijana alikuwa amenitangulia hatua chache koridoni, rundo la karatasi za mtihani amelikumbatia kifuani. Nikaharakisha, nikamfikia karibu na ngazi, nikashusha sauti.

"Mdogo wangu, ulichosema mle ndani ni kweli kabisa."

Akasimama. Hakukasirika. Aliniangalia kama mtu anayejaribu kusoma maandishi yaliyofutwa nusunusu ubaoni.

"Sasa Madam, mbona hukusema mle mle?"

Nikajibu kitu kuhusu muda, kwamba kikao kilishakuwa kirefu na watu wamechoka. Akaitikia kwa adabu, akashuka ngazi.

Leo ni wiki ya sita.

Hoja yenyewe ilikuwa ndogo. Mtihani wa kidato cha pili ulitaka mwanafunzi aoneshe kwamba pembe tatu za pembetatu zikijumlishwa zinakuwa nyuzi 180. Mwongozo wa kusahihishia unataka njia ile tunayofundisha sote: chora mstari kupitia ncha ya juu, sambamba na kitako, kisha linganisha pembe. Binti mmoja hakuchora mstari wowote. Alichora penseli. Mwalimu wake, yule kijana, akampa alama zote nne, mkuu wa idara akazifuta na kuandika sifuri, suala likafika kikaoni. Kijana akamtetea mwanafunzi wake kwa dakika tatu hivi. Tulikuwa walimu kumi na wanne mezani, na katika hao mimi ndiye niliyefundisha hesabu miaka mingi zaidi. Wote wanalijua hilo, ndiyo maana alipomaliza macho yalinigeukia mimi.

Nikafungua daftari, nikajifanya naandika.

## Penseli

Ukitaka kuona alichokiona yule binti, chora pembetatu kubwa kwenye karatasi. Laza penseli juu ya kitako chake, ncha ikitazama kulia, halafu izungushe kwenye kona ya kushoto mpaka ilale juu ya upande wa pili. Iteleze hadi kona ya juu, izungushe tena kwa mwelekeo uleule mpaka ilale juu ya upande wa tatu. Iteleze hadi kona ya mwisho, izungushe. Sasa penseli imerudi juu ya kitako, ila ncha yake inatazama kushoto. Imegeuka nusu mzunguko, yaani nyuzi 180.

Kwenye karatasi yake kulikuwa na michoro minne midogo, mishale, na maneno mawili: "imegeuka nyuma." Nilipoiona mara ya kwanza, kijana akinionesha kabla ya kikao, nilisisimka. Mtoto wa miaka kumi na minne ameufikia uthibitisho kwa vidole vyake mwenyewe.

Usiku ule nilitaka angalau kujiridhisha kwamba nilichomwambia koridoni kilikuwa sahihi. Nikasoma hapa na pale, nikakuta kwamba mwanzoni mwa karne ya 19 Mjerumani mmoja, Bernhard Thibaut, alitoa hoja inayofanana sana na ya penseli, na wanahisabati wenzake wakamwambia ina tundu. Tundu gani? Nikachukua chungwa na kijiti cha kiberiti.

Chora kwenye chungwa pembetatu inayoanzia kwenye kikonyo. Mistari miwili inashuka hadi kiunoni mwa chungwa, imeachana robo ya mduara, na mstari wa tatu unaiunganisha pale kiunoni. Kila kona ni pembe mraba. Jumla yake ni nyuzi 270. Sasa pitisha kijiti kama ile penseli, kona kwa kona, mwelekeo uleule. Kinarudi kwenye upande wa kwanza kikiwa kimegeuka nyuma, sawasawa na penseli ya mezani.

Nilirudia mara nne. Kimegeuka nyuma, na pembe ni 270.

Kwa hiyo kugeuka nyuma peke yake hakuthibitishi 180. Kwenye karatasi kuna kitu tunakikopa bila kusema: tunachukulia kwamba mizunguko mitatu, iliyofanyika kwenye kona tatu tofauti, inajumlishika kana kwamba yote ilifanyika mahali pamoja. Na deni hilo ni lilelile la mwongozo wetu wa kusahihishia, ambao unakopa mstari sambamba. Njia zote mbili zinaegemea boriti moja, kanuni ya tano ya Euclid, yule Mgiriki wa kale wa jiometri, kanuni inayotuwezesha kusema kwamba kupitia nukta iliyo nje ya mstari unapita mstari mmoja tu usiokutana nao kamwe.

Nilimwambia kijana "kweli kabisa." Haikuwa kabisa. Mkuu wa idara naye hakuikataa kwa sababu hii. Aliikataa kwa kuwa haimo kwenye mwongozo.

Nikaanza kumtafuta mtu wa kwanza aliyethubutu kuichapisha jiometri isiyo na boriti hiyo. Njia ikanipeleka Kazan, mji wa kando ya mto Volga, mbali upande wa mashariki ukitazama kutoka Saint Petersburg, mji mkuu wa Urusi wa wakati ule, kwa mwalimu aitwaye Nikolai Lobachevsky.

## Waliosema barazani

Alizaliwa Nizhny Novgorod mwaka 1792. Mama yake, Praskovia, aliwachukua wanawe watatu akahamia nao Kazan, wakasomeshwa kwa gharama ya serikali. Chuo Kikuu cha Kazan kilikuwa kichanga, kimeanzishwa mwaka 1804. Nikolai akaingia mwaka 1807 akiwa na miaka 14, na mwaka huohuo kaka yake mkubwa, Alexander, akazama katika mto Kazanka akafa.

Alikuwa mwanafunzi wa kuwasumbua wakubwa. Aliwahi kurusha fataki usiku uani mwa chuo akatiwa chumba cha adhabu. Ripoti za msimamizi wa wanafunzi zilimtaja kuwa mkaidi, mwenye kujiona, na mwenye dalili za kutomwamini Mungu, shtaka zito katika Urusi ya Tsar. Ulipofika mwaka 1811, wakati wa kupewa shahada ya uzamili, jina lake lilikuwa hatarini kukatwa.

Waliomwokoa walikuwa wageni. Martin Bartels alikuwa amekuja kutoka Ujerumani mwaka 1808 kufundisha hisabati, naye ndiye yuleyule aliyekuwa msaidizi wa mwalimu katika shule ya Braunschweig alipokuwa anasoma mtoto mmoja aitwaye Carl Friedrich Gauss. Bartels na maprofesa wenzake wa kigeni walisimama katika baraza la chuo wakamtetea kijana huyu. Akatakiwa kukiri makosa na kuahidi kujirekebisha, akaahidi, akapewa shahada yake akiwa na miaka 18. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nilipofika hapa niliweka simu chini.

Walisema barazani. Mbele ya msimamizi aliyeandika zile ripoti, majina yao yakiwa kwenye kumbukumbu za kikao. Hawakumvizia kijana ngazini jioni wakamnong'oneza kwamba ana akili.

## Watu watatu wa kamati

Lobachevsky alibaki palepale Kazan kufundisha. Alikuwa profesa mwaka 1816, na katika mihadhara ya miaka ile alijaribu, kama wengi kabla yake, kuithibitisha kanuni ya tano. Hakuna aliyewahi kufanikiwa, tangu Wagiriki. Pole pole akaacha kujaribu. Katika kitabu cha jiometri alichoandika kwa ajili ya wanafunzi mwaka 1823 alisema wazi kwamba uthibitisho wa kweli haujapatikana, na kwamba vilivyotolewa mpaka wakati ule ni maelezo tu. Mswada ukapelekwa Saint Petersburg kwa mwanataaluma Nicolas Fuss. Fuss akaukataa. Mojawapo ya malalamiko yake lilikuwa kwamba mwandishi ametumia mita, kipimo kilichobuniwa na Wafaransa wakati wa mapinduzi yao. Kitabu hicho kilikuja kuchapishwa mwaka 1909.

Kipindi hicho chuo kilikuwa mikononi mwa msimamizi wa elimu aitwaye Mikhail Magnitsky, ambaye mwaka 1819 alikikagua na kupendekeza kifungwe kwa kukosa uchamungu. Tsar hakukifunga, akamkabidhi yeye akisimamie. Maprofesa wakafukuzwa, wengine wakajiondokea, Bartels akiwa mmoja wao. Lobachevsky akabaki akifundisha hisabati, fizikia na astronomia kwa pamoja, maana hapakuwa na wa kuyabeba.

Halafu ikaja siku yenyewe, tarehe 23 Februari 1826 kwa kalenda ya sasa. Aliwasilisha mbele ya kitivo chake andiko la Kifaransa kuhusu misingi ya jiometri. Ndani yake aliuliza swali ambalo wenzake waliliona kama la mtu aliyepotewa: itakuwaje tukisema kwamba kupitia nukta ile inapita mistari mingi isiyokutana na mstari wetu? Akafuatilia jibu hatua kwa hatua, na jiometri haikuvunjika. Ikatokea jiometri nyingine, ambamo pembe za pembetatu daima ni pungufu ya 180, na kadiri pembetatu inavyokuwa kubwa ndivyo upungufu unavyoongezeka. Chungwa langu linakwenda kinyume chake, linazidisha. Lakini somo ni lilelile, kwamba 180 inategemea uko wapi.

Kitivo kikateua kamati ya watu watatu isome na kutoa maoni: Ivan Simonov, Adolf Kupffer na Nikolai Brashman.

Hawakutoa maoni yoyote.

Hawakukubali wala kukataa. Andiko likapotea na mpaka leo halijaonekana.

Kati ya hao watatu nimemfikiria zaidi Simonov. Huyu alikuwa mwanaastronomia wa msafara wa Bellingshausen, ule uliotoka Urusi mwaka 1819 na kuzunguka bahari za kusini hadi kwenye barafu ya Antaktika. Alisafiri miaka miwili kwenye maji ambayo ramani zilikuwa hazijayaandika, akarudi Kazan akafundisha. Mtu wa namna hiyo hawezi kuitwa mwoga. Akapewa kurasa za mwenzake, nadhani hakuzielewa, na ninaelewa jinsi kutoelewa kunavyomfunga mdomo mtu mwenye heshima zake. Ni rahisi kuliweka andiko chini ya makaratasi mengine. Wiki inapita, mwezi unapita. Hakuna anayekuuliza.

## Aliyekosea kwa jina lake

Lobachevsky akachapisha mwenyewe, katika jarida la chuo, mwaka 1829 na 1830. Mwaka 1832 kazi hiyo ikafikishwa kwenye Chuo cha Sayansi cha Saint Petersburg, akapewa Mikhail Ostrogradsky, mwanahisabati mkubwa na mwalimu mashuhuri wa mji mkuu. Ostrogradsky akaandika kwamba mwandishi anaonekana amekusudia asieleweke, na kwamba kazi haistahili kuangaliwa na Chuo. Mwaka 1834 jarida moja la mji mkuu likachapisha makala ya dhihaka isiyo na jina la mwandishi. Lobachevsky akatuma majibu. Hayakuchapishwa.

Kwa miaka mingi, kila nilipoisikia hadithi hii, Ostrogradsky ndiye alikuwa mtu mbaya. Sasa siko tena huko. Alikosea, na alikosea kwa kiburi. Lakini alikosea hadharani na kwa jina lake, na mtu anayekukosea namna hiyo unaweza kumjibu. Lobachevsky aliendelea kumjibu kwa miaka ishirini, kwa kuandika upya, kwa Kirusi, kwa Kifaransa mwaka 1837, kwa Kijerumani mwaka 1840, kila mara akitafuta njia fupi zaidi ya kueleweka. Mkuu wangu wa idara naye alisema neno lake mbele ya wote.

## Mchana

Wakati huohuo alikuwa rekta, yaani mkuu wa chuo. Alichaguliwa mwaka 1827 akaendelea kwa miaka 19. Alikuwa mkutubi mkuu pia, akipanga vitabu yeye mwenyewe. Alijisomea usanifu wa majengo ili asimamie vizuri ujenzi wa maktaba, jengo la anatomia na kituo cha kutazamia nyota. Mwaka 1830 kipindupindu kilipofika Kazan aliwaingiza wanafunzi, walimu na familia zao ndani ya chuo, akafunga milango, akasimamia usafi mwenyewe, na ndani mle walikufa wachache mno kulinganisha na mjini. Mwaka 1842 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji na kukiunguza kile kituo cha nyota. Vyombo na vitabu vikaokolewa.

Kuna walioandika kwamba kazi hizi zilimwibia muda. Mimi siwezi kuliona hivyo. Nyota alizihitaji. Katika maandishi yake ya kwanza alichukua vipimo vya nyota Sirius, akaifanya njia ya dunia kulizunguka jua kuwa kitako cha pembetatu na nyota ikawa ncha, ili aone kama pembe zinapungua 180. Upungufu, kama upo, ulikuwa mdogo kuliko vyombo vyovyote vingeweza kuuona. Mtu anayeuliza anga kama karatasi yake ni bapa anajua vizuri kwa nini anajenga kituo cha nyota.

Na walioandika maisha yake wanasimulia juu ya kijana muuza duka aliyemkuta nyuma ya kaunta anasoma kitabu cha hisabati. Rekta akamuulizia, akamtafutia nafasi ya kusoma. Kijana huyo, Bolzani, alikuja kuwa profesa wa fizikia palepale Kazan.

## Göttingen

Kile kitabu kidogo cha Kijerumani cha mwaka 1840, kurasa 61, kilifika mikononi mwa Gauss.

Ndiyo, mtoto yule wa Braunschweig. Sasa ni mzee wa Göttingen, Ujerumani, na Ulaya nzima hakuna mwanahisabati wa kusimama karibu naye. Gauss alikisoma na kukielewa chote, maana mambo hayo alikuwa ameshayawaza yeye mwenyewe tangu ujana. Alikuwa anajifunza Kirusi uzeeni, akapata nafasi ya kumsoma mtu huyu wa Kazan katika lugha yake. Mwaka 1842 alimpendekeza awe mwanachama wa Jumuiya ya Sayansi ya Göttingen, naye akachaguliwa. Mwaka 1846 alimwandikia rafiki yake Schumacher kwamba kwa upande wake hakukuta jambo jipya, kwani fikra hizo anazo kwa miaka 54, tangu 1792, lakini njia aliyopita Lobachevsky ni nyingine, na ameipita kwa ustadi, kwa roho halisi ya jiometri.

Tangu 1792. Mwaka aliozaliwa Lobachevsky.

Sifa hizo zote zilikuwa ndani ya barua. Hadharani, juu ya jiometri hiyo, Gauss hakuchapisha kazi yake wala hakusimama kuitetea ya mwenzake. Sababu alishaitoa mapema, mwaka 1829, alipomwandikia mwanaastronomia Bessel kwamba huenda asichapishe kamwe, kwa kuogopa kelele za Waboeotia. Boeotia ni jimbo la Ugiriki ambalo watu wa Athens ya kale waliwaona wakazi wake kuwa wazito wa akili. Mwenye jina kubwa kuliko wote alikuwa anaogopa kelele.

Na Lobachevsky hakuwa peke yake. Mwaka 1832 Mhungari kijana, János Bolyai, alikuwa amechapisha ugunduzi huohuo, baba yake akampelekea Gauss, na Gauss akajibu kwamba kumsifu kijana ni sawa na kujisifu mwenyewe. János aliumia vibaya. Miaka kumi na sita baadaye alipokisoma kitabu cha Lobachevsky, kwa muda alishuku kwamba Lobachevsky ni jina tu, na nyuma yake yupo Gauss.

Fikiria. Watu wawili, mmoja Transylvania, mmoja kando ya Volga, wamefika mlima uleule, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Mtu mmoja tu duniani anawajua wote wawili. Na hasemi.

## Wiki mbili za kumtetea Gauss

Nilimtetea. Lazima niseme hivyo, maana utetezi wenyewe ulinifumbua macho.

Nilijiambia kwamba alikuwa mzee. Kwamba alikuwa na kazi nyingine, sumaku, nyota, upimaji wa ardhi. Kwamba kumwingiza Lobachevsky katika Jumuiya ya Göttingen halikuwa jambo dogo, ni heshima ya wazi kabisa. Kwamba hana wajibu wa kupigana vita vya watu wa mbali. Kwamba kimya kina mshindo mkuu. Niliziandika hoja hizi kwenye daftari, mpaka jioni moja nikaona ni daftari lilelile la kikaoni. Kwenye ukurasa wa tarehe ile kuna mistari mitatu ya wino isiyo na neno hata moja. Nilichora mawimbi.

Nilichokuwa naandika ulikuwa utetezi wangu.

Na hapo likaja jambo ambalo sikulitegemea. Nilikuwa nimechukulia kwamba kosa la sifa za koridoni ni kumnyima mtu msaada, na ni kweli linamnyima. Lakini penseli imenionesha shimo lingine. Ningesema mle ndani, "uthibitisho wa binti huyu ni sahihi," pengine mkuu wa idara, ambaye si mjinga hata kidogo, angeuliza: unajuaje kwamba kuteleza juu ya upande hakubadilishi kitu? Ningebabaika. Tungetafuta chungwa. Tungegundua, walimu kumi na wanne, kwamba mwongozo wetu na penseli vina deni moja, na kwamba kama binti anastahili sifuri kwa kukopa kimyakimya basi sisi tunaokopa kila mwaka ubaoni tuna la kujieleza. Koridoni hakuna wa kukuuliza. Neno linatoka na kosa lake, linapokewa na kosa lake, kila mmoja anakwenda nyumbani.

Naamini ndivyo ilivyokuwa kwa jiometri ile pia. Barua za Gauss na Schumacher zilichapishwa miaka ya 1860, na hapo ndipo watu walipoanza kumtafuta huyo Mrusi. Kitabu chake kikatafsiriwa kwa Kifaransa mwaka 1866. Mwaka 1868 Mwitalia Eugenio Beltrami akaonesha uso ambao juu yake jiometri ya Lobachevsky inafanya kazi kipande kwa kipande, na kutoka hapo ikawa vigumu kuiita ndoto. Kazi ile ya maswali na majibu ingeweza kuanza wakati mwenyewe angali hai wa kujibu.

## Aliyeandikiwa

Miaka yake ya mwisho naipita kwa haraka kwa sababu inaniuma. Mwaka 1846, baada ya miaka 30 ya uprofesa, wizara ilimwondoa katika ukufunzi na urekta ingawa baraza la chuo liliomba abaki. Mwanawe Alexei alifariki mwaka 1852. Macho yakafifia.

Ila kuna barua moja ya mwaka ule wa 1846. Alipoulizwa kuhusu kiti chake cha uprofesa, aliandika rasmi kwa wakubwa kwamba kipewe mwanafunzi wake Aleksandr Popov, aliyekuwa akifundisha katika shule ya sekondari mjini. Yeye mwenyewe alikuwa anakaribia kupoteza karibu kila kitu, na alichokiandika kwenye karatasi ya serikali, akakitia sahihi, ni sifa za kijana. Popov akakipata kiti.

Mwaka 1855 chuo kiliadhimisha miaka 50. Lobachevsky alikuwa haoni tena. Akaandikisha kwa sauti kitabu chake cha mwisho, akakiita Pangeometria: mzee anasema, mwingine anaandika. Jiometri yote ile, na pembe zake na mistari yake, sasa ilikuwa inachorwa hewani kwa maneno. Gauss alikufa Februari mwaka huohuo. Lobachevsky alikufa tarehe 24 Februari 1856, miaka 30 na siku moja tangu alipoliweka lile andiko mbele ya watu watatu.

## Ijumaa

Juzi nilimfuata kijana darasani kwake, wanafunzi wakiwa mapumzikoni. Nilienda na chungwa. Nilimwambia kwamba koridoni nilimwambia zaidi ya nilichokuwa nakijua, na kikaoni nilisema pungufu. Akakishika kijiti cha kiberiti, akakipitisha kona kwa kona, akakaa kimya muda mrefu.

"Kwa hiyo Madam, alama nne ni nyingi?"

Nikamwambia mimi ningempa tatu, na kwamba ningependa tubishane kuhusu ile moja. Akasema yeye hashuki kwenye nne. Nikamwambia aje nazo hizo nne zake kikaoni, mimi nitakuja na tatu zangu.

Ajenda ya kikao cha Ijumaa imebandikwa jana kwenye ofisi ya walimu. Suala la karatasi ya yule binti ni la saba, baada ya michango ya chakula. Mbele yake, kwenye nafasi ya mleta hoja, limeandikwa jina langu.